Meno ya Upande wa Kulia

Bi Zawena, mwenye kampuni ya kupogoa miti, alimkabidhi Fundi Tindwa mnyororo wa msumeno wa mashine.

"Unoe, fundi. Huyu Mbaruku leo namfukuza. Kila gogo analikata upogo, kama mlevi!"

Mbaruku, mkata miti wake, alisimama mlangoni.

Tindwa aliubana mnyororo kwenye jiliwa, kibanio chake cha chuma, akashika tupa ya kunolea. Meno ya kulia yalikuwa mafupi kuliko ya kushoto, na mnyororo wa namna hiyo huvuta msumeno upande. Yeye mwenyewe ndiye aliyeunoa mara ya mwisho, kwa haraka.

"Mbona kimya? Umemeza tupa?" Bi Zawena alimuuliza.

Uso wa Tindwa ulimwaka kwa aibu. Aliufungua mnyororo, akampa Mbaruku badala ya Bi Zawena, ajionee mwenyewe. Mbaruku alipitisha kidole juu ya meno, polepole, kisha akainua macho kumtazama Tindwa.