Mjumbe wa Wakulima wa Soya

Wanyama wa bondeni walilima soya na walikuwa na chama chao. Mjumbe wao alikuwa Kakakuona, ambaye hakujua haraka. Akifokewa alijikunja, hasira zikipoa alijikunjua, akaendelea na hoja yake pale alipoiachia.

Msimu mmoja, soya ikianza kuzaa, zikaja habari kwamba Nyati na kundi lake watakatiza mashambani wakienda mtoni. Kanga, mwenye shamba kubwa kuliko wote, akakosa subira.

"Mzee Kakakuona anatuchelewesha," aliwaambia wanachama. "Tumtume Swala akamwombe Nyati apite kwingine. Ana mbio, na anapendeza kumtazama."

Wakakubali, na Kakakuona akamwachia Swala kazi bila kinyongo.

Swala alifika kwa Nyati mapema sana. Alipofungua tu kinywa, Nyati akakoroma, na Swala akatimka. Jioni kundi likapita katikati ya soya, na hakikubaki kitu cha kuvuna.

Kanga akamwendea Kakakuona kumwomba radhi. Kakakuona hakumlaumu. Wakafuatana mpaka kwa Nyati.

"Yule mwenzenu sikumkoromea kwa ubaya," Nyati alisema. "Nilikuwa na kiu. Nilipoinua kichwa nimwulize njia isiyo na mazao, hakuwepo. Ningeonyeshwa, ningepita huko."

Walirudi bondeni. Kanga alipofika shambani kwake aliinama, akaanza kuokota maganda mabichi yaliyokanyagwa, moja moja, ingawa ndani yake hamkuwa na punje.