Jibu Ambalo Kenny Hakulitengeneza

Jirani yetu anasimulia kwamba kompyuta ya kiwanda cha juisi imeapa: mutu akiwa ndani ya tangi, bomba la maji ya moto haliwezi kufunguka lenyewe. Anasema neno SALAMA aliliona kwa macho yake kwenye skrini, la kijani.

Hata mimi niliona. Mi ndiye ninayefagia ofisi ya Kenny, aliyeandika programu ya kukagua amri za mabomba. Siku nyingine inajibu mara moja. Leo ilizunguka dakika kumi, ikasimama, ndipo SALAMA ikatokea.

"Kenny, mbona imechelewa?"

"Muda uliisha, dada. Haikumaliza kukagua."

"Sasa salama imetoka wapi?"

Akacheka. "Bon, niliipa majibu mawili tu, SALAMA na HATARI. Haikuona hatari, donc inaandika salama."

"Na ikiwa haijui?"

"Jibu hilo sikulitengeneza." Kicheko kikamwishia.

Nilitupa ufagio, nikakimbia. Kaka yangu, anayesafisha matangi ya kiwanda, alikuwa ameshaingiza kichwa na mabega kwenye mlango mdogo wa tangi, brashi mkononi. Nikakamata kifundo cha mguu wake. Kilikuwa kinateleza kwa povu la sabuni, nikakishika kwa mikono miwili.

"Weee! Niache, nina kazi!" akapiga kelele humo ndani.

Kenny akafika anahema. "Dada, muache. Kukagua upya hadi mwisho ni kutwa nzima, na patron, bosi wetu, anataka tangi sasa hivi."

"Sawa. Basi naomba kitu kimoja, Kenny. Ingia we kwanza."

Kenny alilitazama lile bomba la maji ya moto.