Mama Yvette Akataa Telegram

Watu arobaini na wawili walikubali kuhama. Mama Yvette peke yake alikataa.

"Tubakie hapa hapa kwenye WhatsApp," alisema katika sauti aliyoituma. "Mimi niko muzee. Hiyo Telegram itanishinda."

Group ilikuwa ya familia za Kindu, mashariki mwa Congo, zilizotawanyika katika vita vya 1998. Humo walitafutana: jina, umri, mahali mtu alipoonekana mara ya mwisho. Zuberi, mwalimu aliyeingia miaka mitatu iliyopita na sasa anaisimamia, alieleza tena kwa upole. Kwenye WhatsApp, anayeingia leo haoni yaliyosemwa jana. Telegram humwonyesha yote, na mazungumzo ya zamani yangehamishwa kutoka simu ya marehemu Papa Okito, aliyeanzisha group.

"Na Ange anaingia Jumamosi," aliongeza.

Ange alikuwa binti wa Mama Yvette. Alipotea watu walipokimbia vita, akiwa na miaka mitano. Mwezi huu alipatikana Obokote, sasa mama wa watoto watatu. Siku walipoongea kwa simu mara ya kwanza walilia wote wawili hadi unité za kupigia zikaisha.

"Mama, ulikuwa unanitafuta?"

"Kila siku, mutoto wangu."

Ijumaa Zuberi alikwenda Mikelenge, nyumbani kwa Mama Yvette, kumfundisha. Mama aliifunika simu kwa kiganja.

"Haiwezi kungoja, mwalimu? Ange aingie kwanza, njo tuhame."

"Mama, ni kwa ajili ya Ange njo tunahama. Asome mwenyewe namna ulimutafuta, toka siku ya kwanza."

Mama Yvette alimwachia simu. Zuberi akamkamilishia kila kitu, akaaga.

Jumamosi asubuhi Ange aliingia. Walimkaribisha kwa maua na mioyo. Akaandika: "Aksanti sana. Naanza kusoma toka juu." Mama Yvette alikaa mlangoni, simu mapajani. Chakula hakukigusa.

Saa tisa Ange alitoka kwenye group. Kabla ya kutoka alirudisha mbele ya wote ujumbe mmoja tu wa zamani, ambao mama yake alimwandikia Papa Okito siku ya kwanza, group ikiwa bado na wao wawili tu:

"Papa, nisikudanganye. Ange hakupotea. Tulijificha porini, askari walikuwa karibu, na yeye alikuwa anakohoa. Nilingoja asinzie, njo nikamuacha."