Mkono wa Mama Begani

Saa nne na dakika kumi asubuhi, Wekoye alifunika jicho la kulia kwa kiganja. Daktari wa ndondi akimpitisha, jioni angepanda ulingoni Kitale, mara ya kwanza tangu konde lilipompofusha jicho la kushoto miaka mitatu iliyopita. Hakuna aliyejua ila mamake.

Mama, mzee wa kanisa kule Kibabii, alisimama nyuma ya kiti, mkono begani mwake, kana kwamba anaomba. Ulikuwa mkono wa jembe, mzito, wenye sugu.

"Ati bondia mzima bado anashikwa na mamake!" daktari alicheka. "Haya, vidole ngapi hapa?"

Mama alimfinya mara mbili.

"Viwili."

"Na sasa?"

Mara nne.

"Vinne."

Wekoye ndiye aliyemfundisha ishara hiyo, mezani, baada ya sala ya jioni. Mama hakukataa, aliacha tu kumtazama.

"Ya mwisho, bana. Ngapi?"

Mkono ulitulia. Wekoye alingoja kufinywa. Kisha ule uzito ukaondoka begani.

"Mama?" aliita.

Akamsikia daktari akifunga faili.