Kinywa Bila Matangazo

Asiyelipia ada ya mwezi, matangazo humtoka mdomoni katikati ya maneno yake mwenyewe. Kwa hiyo jioni ile Mwanaisha alipomlipia mumewe, Shekue, nyumba ikawa kama ya harusi. Shekue aliomba dua ya chakula mpaka mwisho bila sabuni yoyote kupenya. Watoto wakamrukia mapajani. "Baba, hebu sema tena." Akasema, wakaangua kicheko.

Mwanaisha akaleta chapati, akasubiri ile sifa aliyoizoea kila jioni tangu waoane: "Mke wangu, chapati hizi hazina mpinzani."

Shekue akala tatu, akanawa.

"Vipi chapati?" Mwanaisha akamuuliza.

"Ziko sawa tu, mama Zubeda."

Mwanaisha akautazama mfuko wa unga, ulioandikwa "Hauna mpinzani", kama mtu anayemtazama mke mwenza.