Joto la Nyumba ya Tatu

Huko Makete, nyumba za kupanga hazikupashwa joto tena kwa kuni wala umeme. Zilipashwa na watoto: kadiri mtoto alivyofikiri darasani, ndivyo kuta za kwao zilivyopata moto. Kwa hiyo Tusajigwe, muuguzi aliyehamishiwa huko kutoka Kyela, alikagua nyumba na shule kwa pamoja.

Nyumba ya tatu ilikuwa na joto zuri. Kichanga wake aliyekuwa mgongoni, mgonjwa wa kifua, akaacha kukohoa kwa mara ya kwanza tangu wapande milimani.

"Shule ya hapa ndiyo kali kuliko zote," dalali akasema.

"Lakini humu hakai mtu. Hili joto ni la nani?"

"La binti wa wapangaji waliotoka. Wazazi walihama mwezi uliopita, dada. Yeye alibaki shuleni, bado anasoma."

"Hata leo Jumapili?"

Dalali akageuka kufunga dirisha ambalo lilikuwa limeshafungwa.

Tusajigwe akamshika mkono bintiye Subilaga, wa miaka tisa, akamvuta mpaka barazani. Upepo wa Julai ukawapiga usoni. Kikohozi cha kichanga kikarudi, kikavu, na midomo yake ikaanza kugeuka rangi. Zile nyumba mbili za kwanza, zenye shule legelege, zilikuwa za baridi vilevile.

"Mama, turudi ndani," Subilaga akasema. "Mimi naweza kusoma sana."

Wakarudi. Tusajigwe akatia saini mkataba, na hakuthubutu kumtazama binti yake.