Aliyemwaga Chai Aseme

"...nimepata, mama, nimepata kazi Kigoma!" Nuswaiba aliingia viatu mkononi. "Wanataka jibu kabla ya saa kumi."

Kompyuta ya nyumbani iliwaka, lakini kibodi haikuandika hata herufi moja. Akazima, akawasha, akachomoa waya na kuurudisha. Wapi! Siku hizi mashine haitengenezeki mpaka aliyeiharibu aiambie ukweli.

"Mama, umeifanya nini?"

"Mie na mashine wapi na wapi?"

"Mama, saa tisa na nusu hii."

Mama akaguna, akaiinamia kompyuta. "Haya, asubuhi nilikumwagia chai. Ya maziwa. Nikakupangusa, nikanyamaza."

Herufi zikarudi. Nuswaiba akapiga kigelegele, akaandika "Nakubali", akabonyeza kutuma. Haikwenda. Kompyuta ikasema kwa upole, "Limebaki moja. Barua ya kazi iliyokuja mwezi wa tano, nani aliifuta?"

Nuswaiba akageuka. Barua gani ya mwezi wa tano?

Mama alikuwa akifuta kwa ncha ya kanga kibodi iliyokwisha kukauka. "Ni mimi," akasema, na papo hapo jibu la Kigoma likaenda. "Kwa nini, hilo nitakueleza kesho, mwanangu."